Kwenda Nyanza Peke Yangu

Marehemu baba yangu alikuwa na hadithi moja aliyowasimulia wageni wote waliofika nyumbani kwetu Kipalapala, nayo ilikuwa fupi kuliko hadithi zake nyingine zote. "Babu yangu," alikuwa akisema, "alimbebea mzigo Mzungu wa kwanza kuiona Nyanza. Alikuwa Mzungu mwenye macho ya kioo." Akishasema hivyo alinyamaza, akamtazama mgeni usoni apate kuona neno limeingia kiasi gani. Sisi watoto tulijua kwamba hapo ndipo mama huleta karanga.

Sikuwa na sababu ya kuitilia shaka hadithi hiyo. Sisi Wanyamwezi ni wajukuu wa wapagazi, na Tabora isingekuwa mji kama si mizigo. Kabla reli haijafika mwaka 1912, kila kitu kilichotoka Bagamoyo kuja kwetu kilikuja kichwani au begani mwa mtu: nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Pembe za ndovu zikarudi pwani kwa njia ile ile. Mpagazi alichukua ratili 60 au 70, na juu ya hizo akaongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kijana ambaye hajapata kufika pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto, hata kama ndevu zimemjaa. Katika njia hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo shingoni, lakini habari hizo baba hakuwasimulia wageni.

Nilipokuwa shuleni mwalimu wetu wa historia alitufundisha habari za John Hanning Speke, Mwingereza aliyetoka Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, mwaka 1858, akaenda kaskazini mpaka akaliona ziwa kubwa na kulipa jina la malkia wake. Nilikimbia nyumbani na daftari mkononi. "Baba, Mzungu wenu nimemjua jina lake!" Toka siku ile Speke akawa kama mtu wa ukoo wetu. Baba alijifunza kulitamka jina lake vizuri, "Spiki", na hadithi ikaongezeka neno moja.

Miaka ikapita. Nikaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha T.M.P. pale pale Kipalapala, kazi yangu ikiwa kupanga herufi na kusoma kurasa za majaribio. Kazi ya namna hiyo humpa mtu tabia mbaya ya kutoamini kitu chochote mpaka amekiona kimeandikwa, na akikiona kimeandikwa hutafuta makosa. Mapema mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka 34, padre mmoja mzee aliniazima kitabu cha Speke mwenyewe, kile alichokitoa mwaka 1864, ambacho ndani yake ameeleza safari zake za kwanza. Nilikisoma kwa taa ya mafuta na kamusi kwa muda wa miezi mitatu, maana Kiingereza chake ni kirefu na changu kilikuwa kifupi.

Hebu nieleze kwa ufupi kilichomo. Richard Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Walipokewa vema na Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa Kiharthi, mtu aliyejua njia zote za bara. Wakaenda hadi Ujiji, wakafika Februari 1858, lakini Speke alikuwa na ugonjwa wa macho mbaya sana; ziwa ambalo walilitafuta kwa miezi saba aliliona kama ukungu tu. Waliporudi Kazeh Burton alikuwa mgonjwa. Snay alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba kaskazini liko ziwa jingine, kubwa kuliko la Ujiji. Basi Burton akabaki, na Speke akaondoka tarehe 9 Julai 1858 kwenda kuliona.

Vitabu vingi vya Wazungu vinaposimulia jambo hili husema kwamba Speke alikwenda peke yake. Nami nilikuwa nimezoea kulisoma neno hilo bila kusimama. Lakini Speke mwenyewe, kwa uaminifu, anawahesabu aliofuatana nao: kirangozi mmoja, wapagazi 20, askari 10 wa Kibulushi, na watumishi watatu, Bombay, Mabruki na Gaetano Mgoa. Hao ni watu 34. Mtu mwenye watu 34 nyuma yake na mbele yake akiitwa mpweke, basi na arusi nyingine za Tabora ni za wapweke.

Tena huyo Bombay hakuwa mtumishi wa kufua nguo. Jina lake kamili ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeibwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Unguja baada ya bwana wake kufa. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Lugha aliyokuwa nayo ni Kihindustani alichojifunza jeshini, na Bombay naye alikijua kwa kuishi utumwani. Kwa hiyo kila neno ambalo Speke aliuliza njiani, kuhusu maji, njia, watemi au ukubwa wa ziwa, lilipita mdomoni mwa Bombay kwenda na kurudi. Burton baadaye alimcheka mwenzake kwa sababu hiyo, akisema habari zilizopita katika lugha nyingi hivyo haziwezi kuaminika. Mimi nafikiri kicheko kile kilikuwa cha wivu. Speke alisema ziwa lile ni chimbuko la Mto Nili, na Burton alikataa. Wakawa maadui, na mwezi Septemba 1864 Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla ya mjadala uliotazamiwa kuwakutanisha hadharani mjini Bath. Mpaka leo watu hubishana kama ilikuwa ajali. Bombay ndiye aliyeendelea kutembea: na Speke tena, na Stanley, na Cameron. Alikufa mwaka 1885.

Lakini mimi katika kurasa zile nilikuwa nikitafuta kitu kimoja tu, na usiku mmoja nilikipata. Speke anaeleza kwamba, kwa ajili ya macho yake, alijaribu kuvaa miwani ya rangi ya kijivu njiani, na watu wakajaa kumzunguka, wakiinama na kuchungulia chini ya vioo waone macho yako wapi, hata ikambidi aivue. Niliruka kitandani. Macho ya kioo! Asubuhi na mapema nilikwenda kwa baba na kumfasiria maneno yale moja moja. Hakushangaa hata kidogo.

"Si nilikwambia," alisema. "Sasa nenda ukaione njia aliyopita babu. Mimi miguu imekwisha."

Ndivyo nilivyokwenda. Nilikuwa na pikipiki ya Honda 110, nyekundu, ambayo nilikuwa nimeinunua kuukuu kwa mtu aliyehamishwa kikazi. Ilikuwa na nguvu za punda, na tabia za punda pia. Nilifunga nyuma jerikani ya lita 20 ya petroli, dumu la maji, unga, blanketi, plagi mbili, kipande cha cheni, viraka, solusheni na pampu. Mzigo wote, bila mimi mwenyewe, ulikaribia mizigo miwili ya mpagazi. Mke wangu aliniuliza kwa nini nisitafute mwenzangu wa kufuatana naye. Nilimwambia nataka kwenda peke yangu ili nifikiri. Alisema kufikiri hakuhitaji petroli.

Niliondoka katikati ya Julai, mwezi ule ule wa Speke, wakati majani ya miyombo yamekauka na upepo wa asubuhi unauma vidole juu ya usukani. Leo Tabora hadi Nzega ni lami, mtu anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Wakati ule ilikuwa njia ya mchanga na mawimbi madogo madogo yaliyotikisa meno. Mtu asiyepanda pikipiki katika mchanga hajui jambo hili: ukiogopa na kupunguza mwendo, unaanguka; ukitaka usalama lazima uongeze mwendo, uinue macho utazame mbali, na kuiacha gurudumu ya mbele icheze itakavyo. Nilianguka mara mbili kabla sijalikubali hilo. Mbung'o walinifuata, wakinichoma mgongoni kupitia shati.

Speke alipita sehemu hizi akitembea kutoka mtemi hadi mtemi. Huko Unyambewa alikaribishwa na mtemi mwanamke, bibi mzee aliyemshika mikono na kuzichunguza nguo zake kwa mshangao mkubwa. Njia nzima tatizo lake lilikuwa shanga. Alichukua nyeupe, na wanawake wa huko walikuwa wameziacha nyeupe wakitaka za rangi. Mfanyabiashara yeyote wa sokoni Tabora angeweza kumwonya. Fasheni ilikuwako barani kabla ya kuja kwa magazeti.

Nililala Nzega. Kesho yake nikafika Isaka, na hapo nikakuta kitu ambacho sikukitazamia. Mwezi Aprili wa mwaka ule, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kukimbia, wakatua Ngara. Chakula chao kilikuja kwa reli hadi Isaka, kisha kikapakiwa katika malori. Stesheni ilijaa magunia. Vijana wa Kisukuma na Kinyamwezi, migongo wazi, vumbi la unga limewageuza weupe, walikuwa wakitoka katika mabehewa na kupanda juu ya malori, gunia begani, wakiimba kwa zamu. Nilizima pikipiki nikasimama pale karibu saa nzima. Mmoja alinipungia mkono akacheka, "Wewe wa Honda, njoo ubebe!" Niliona aibu, sijui kwa nini, nikawasha na kuondoka.

Kutoka pale niliiacha barabara kuu na kufuata vijia vya Msalala kuelekea Nindo. Katika kitabu Nindo ni nyika tupu, pori ambalo msafara ulipaswa kulivuka kwa haraka kwa kuwa hapakuwa na vijiji vya kununua chakula. Nilikuwa nimelingoja pori lile kwa hamu kuliko hata ziwa. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna mtu.

Basi, nilipata sehemu yangu, lakini si kubwa. Pori la Speke lilikuwa limekwisha kukatwa. Miaka ya 1920 na baadaye serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa Shinyanga kufyeka misitu ili kuwafukuza mbung'o na kupata malisho. Baada ya mbung'o ikaja pamba, na ng'ombe wakazidi, mpaka nchi ikawa uwanda wa vumbi. Tangu mwaka 1986 mradi wa HASHI ulikuwa ukijaribu kuirudisha miti, hasa kwa kuzihuisha ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma hufunga mpaka kiangazi kikali. Kwa hiyo nilikuwa nikipita, kwa saa nzima, uwanda mtupu wa udongo mweusi uliopasuka, halafu ghafula kichaka cha miiba kilichohifadhiwa, halafu uwanda tena. Hapakuwa na gari wala baiskeli. Nilizima injini mara moja nisikilize. Nilisikia sikio langu mwenyewe likivuma, kisha, mbali sana, kengele ya ng'ombe.

Mwiba uliingia gurudumu la nyuma kama saa tisa alasiri. Kuziba pancha si kazi. Nilitoa mpira, nikapiga msasa, nikabandika kiraka. Lakini pampu ilikataa. Kile kipande cha ngozi kilichoko ndani kilikuwa kimekauka kwa jua na kuwa kama ganda la mti. Ukisukuma, hewa inarudi nyuma. Nilikilowesha maji. Nilikitafuna. Nilikipaka oili ya injini, kikateleza bila kukaza. Jua likashuka. Maji ya kunywa yalibaki kama chupa moja. Sikuwa katika hatari ya kufa, nakiri, lakini kwa mara ya kwanza nililifahamu vizuri neno lile nililokuwa nimemwambia mke wangu kwa majivuno.

Aliyenikuta ni mtoto wa miaka kama tisa aliyekuwa akirudisha ng'ombe. Alinitazama, akaitazama pampu, hakusema kitu, akakimbia. Nusu saa baadaye alirudi na mzee mrefu mwenye shuka begani.

"Mwadila," alisema mzee.

"Mwadila, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Kijana huyu anasema umekaa chini unatafuna ngozi."

Alikichukua kile kipande, akakivuta vuta, akakigeuza. Kisha akatoa katika shuka yake kibuyu kidogo, akakipaka samli ya ng'ombe pande zote mbili, akakiweka kifuani ndani ya nguo yake na kuketi. Tulizungumza mambo ya mvua na bei ya pamba. Baada ya muda akakitoa. Kilikuwa laini kama sikio la mbuzi. Tulijaza upepo gurudumu kabla giza halijaingia kabisa, na sikuruhusiwa kuendelea. Nililala kwake.

Usiku, baada ya ugali na maziwa ya mgando, aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamsimulia hadithi yote ya baba, na Mzungu, na macho ya kioo. Alisikiliza vizuri. Wazee wa huko huhesabu miaka kwa matukio, na kichwa chake kilikuwa kimejaa njaa, nzige, magonjwa ya ng'ombe na vifo vya watemi, vyote kwa mpango. Akauliza swali ambalo mimi, msoma kurasa za majaribio, sikuwa nimepata kuliuliza maishani.

"Huyo babu wa baba yako, alioa lini?"

Nilijua jibu. Baba alikuwa amelitaja mara nyingi, katika hadithi nyingine kabisa. "Alijenga nyumba ya mke wake wa kwanza mwaka boma la Isike lilipolipuka."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Hakuongeza neno. Sidhani kama alijua mwaka ule kwa hesabu ya Kizungu. Lakini mimi niliujua.

Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani, alishindwa Januari 1893. Askari wa Tom von Prince walipoingia ndani ya boma lake, alijilipua kwa baruti pamoja na watu wa nyumbani kwake. Kutoka 1858 hadi 1893 ni miaka 35. Kama babu alibeba mzigo wa Speke akiwa kijana wa miaka 20, basi alioa mke wa kwanza akiwa na miaka 55. Mnyamwezi gani huyo? Tena baba, aliyezaliwa mwaka 1919, alimkumbuka babu yake huyo akiwa bado analima. Nililala macho wazi nikihesabu mbele na nyuma, nikampunguzia Speke, nikamwongezea babu, na kila mara hesabu ilikuwa ile ile. Babu alizaliwa karibu mwaka 1870. Speke alipopita Nindo, babu hakuwapo duniani.

Asubuhi nilimshukuru mwenyeji wangu, "Wabeja, mzee," naye akanipa samli kidogo katika karatasi kwa ajili ya pampu. Sehemu iliyobaki niliipita haraka, na sina mengi ya kueleza. Salawe, ambayo Speke ameitaja, ipo na jina lake lile lile. Kisha nchi ikaanza kuota mawe makubwa yaliyopandana, na nikajua Mwanza iko karibu.

Speke alifika kwenye mkono wa ziwa tarehe 30 Julai, na asubuhi ya tarehe 3 Agosti alipanda kilima alichokiandika kwa jina la Isamiro, akayaona maji yasiyo na mwisho. Mwanza ya leo ina mtaa wa Isamilo, kilimani. Nilipanda na Honda yangu kwa gia ya kwanza mpaka ikachemka. Ziwa lilikuwa pale, rangi ya bati jipya. Chini yangu wavuvi walikuwa wakirudi. Nilifikiri jinsi baba alivyokuwa akisema "wa kwanza kuiona", kana kwamba Wakerewe walikuwa wakivua samaki gizani kwa miaka yote iliyotangulia. Speke hakukaa Mwanza zaidi ya siku chache. Hakulizunguka ziwa wala hakuuona mto ukitoka. Akageuka, akafika Kazeh tarehe 25 Agosti, siku 47 baada ya kuondoka, akiwa na hakika moyoni ambayo hakuweza kuithibitisha. Baadaye ilionekana kwamba alisema kweli. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na hakika ya namna nyingine, nami niliweza kuithibitisha, na sikuitaka.

Nilirudi kwa treni, pikipiki ikiwa katika behewa la mizigo. Usiku kucha nilijiuliza kama nimwambie baba. Alikuwa na miaka 75. Hadithi ile haikumdhuru mtu. Kwa upande mwingine, mimi ndiye niliyempelekea jina la Spiki nikiwa na daftari mkononi. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Nilimwambia siku ya tatu, chini ya mwembe. Nilimwekea hesabu yote kwa vijiti juu ya mchanga: hiki Speke, hiki Isike, hiki wewe ulipozaliwa. Alivitazama vijiti kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, na kwa siku nne hatukuzungumza ila salamu.

Siku ya tano aliniita. Hakuwa na hasira.

"Na wale ndege?" aliuliza.

"Ndege gani, Baba?"

"Babu alisema Mzungu yule alikuwa akiua ndege wadogo wadogo, si wa kula. Anawachuna, anawajaza pamba, anawapanga katika sanduku. Sanduku hilo ndilo alilobeba babu. Mimi sikuwaambia wageni kwa sababu ni jambo la kitoto. Mwanamume anabeba pembe, habebi chiriku."

Nilikaa chini. Katika miaka yote sikuwa nimewasikia ndege wale. Nilirudi kwa padre mzee, nikamwuliza kama yuko Mzungu mwenye miwani, mkusanyaji wa ndege, aliyepita Tabora kwenda Nyanza kabla ya 1893. Hakufikiri hata dakika moja. Emin Pasha, alisema.

Huyo alikuwa Mjerumani, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, daktari aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri. Alikuwa haoni mbali, karibu kuwa kipofu; alishika vitu karibu na pua ndipo avitambue. Pamoja na hayo alikuwa bingwa wa elimu ya ndege, na makusanyo yake yalipelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1890 aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akatoka Bagamoyo na msafara mkubwa, akafika Tabora kiangazi cha mwaka huo, akaendelea kaskazini hadi Bukumbi karibu na Mwanza, na mwezi Novemba akaanzisha kituo cha Bukoba. Aliuawa Kongo mwaka 1892. Babu mwaka 1890 angekuwa na miaka 20 hivi, umri hasa wa mpagazi asiyeoa. Siwezi kuapa kwamba ndiye. Mapadre walikuwa na kituo Bukumbi tangu 1883, na misafara mingi ilipita njia ile. Lakini miwani, ndege na miaka vyote vinakubaliana.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na nililisita. Emin alipokuwa Tabora alipandisha bendera ya Wajerumani. Ilikuwa mara ya kwanza bendera hiyo kuinuliwa katika nchi ya Isike. Nilimweleza baba hayo pia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza kusema kweli na sikujua pa kuachia.

"Kwa hiyo babu aliwabebea mizigo watu waliokuja kumwua Isike," alisema.

"Alibeba sanduku la ndege, Baba."

"Sanduku ni mzigo."

Akaokota kijiti kimoja kati ya vile vilivyobaki mchangani, akakivunja, akaanza kuchokonoa meno.

Baba alifariki mwaka 2001. Katika miaka ile saba ya mwisho wageni waliendelea kuja, na hadithi iliendelea, ila ilikuwa imebadilika. Neno "wa kwanza" lilitoka, na Spiki akatoka. "Babu yangu," alikuwa akisema, "alimbebea Mjerumani kipofu sanduku la ndege wadogo mpaka Nyanza. Baada ya miaka mitatu Isike akafa. Yeye akaja akajenga nyumba." Kisha alinyamaza kama zamani. Wageni wengi hawakujua waseme nini, na baadhi yao waliuliza ni ndege wa aina gani.

Alikuwa akiwajibu kwa kirefu.